Dumu Lililokataa Kupasuka

Shamsa, yule binti mwenye duka la vipuri pale Kanyenye, hapa Tabora, alininunia. Nilikuwa nimesimama dukani kwake nikisubiri waya wa sola, akaja mteja kutaka asidi ya betri. Shamsa akachukua chupa tupu ya maji ya kunywa, karatasi yake bado imebandikwa, akamimina asidi mpaka juu kabisa, akakaza kifuniko, akaitia kwenye mfuko mmoja na mkate aliokuwa nao yule bwana.

Nikasema, "Mwanangu, usimpe hivyo."

"Bibi, mbona tunauza hivi kila siku?"

"Watoto wake wakifika nyumbani wana kiu, je?"

Mteja akakasirika kuliko hata mwenye duka. Akasema haraka yake ni kubwa, akachukua mfuko akaondoka. Shamsa akanipa waya wangu bila kunitazama. Kesho yake mchana akaja kwangu Gongoni na kilo ya sukari, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Bibi Mwanaidi, nimeambiwa ulifanya kazi ya vyombo vya asidi miaka yote. Hebu nieleze." Nikamweleza mpaka sukari yenyewe tukaianza. Haya ninayowaandikia ni yale niliyomwambia yeye, na mengine ambayo siku ile sikuwa na moyo wa kuyatoa. Ni yenu nyote mnaojaza, mnaofunga na mnaobeba.

Kazi yangu ilikuwa kuharibu madumu mazima. Marehemu mama alinisumbua sana kwa hilo.

"Unafanya nini huko ghalani?"

"Naangusha madumu, mama."

"Na wanakulipa?"

"Wananilipa."

"Basi usiwaambie majirani, watasema tumerogwa."

Kampuni yetu ilileta vimiminika vya hatari Tabora kwa mapipa makubwa: asidi ya betri, dawa za kuua wadudu wa tumbaku, spiriti, dawa za kusafishia mashine. Sisi tulivihamishia kwenye vyombo vidogo, tukavipeleka kwa treni kuelekea magharibi: Usoke, Urambo, Kaliua, mpaka Mpanda na Kigoma. Njia ile ile ambayo mababu zetu walipita na mizigo mabegani. Wao hawakuulizwa kama wangependa kujua kilichomo. Kabla aina ya chombo haijapanda behewa, vichache vyake vilipita kwanza kwenye banda letu la majaribio, na humo ndani mkubwa alikuwa Fundi Rajabu.

Nataka mumjue vizuri huyu mtu, maana bila kumjua hamtaelewa uchungu wangu. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku tunayoshinda kwenye maji. Alikuwa amesomea kazi hii, na aliipenda kama mtu anavyopenda mtoto wake wa mwisho. Nilipoingia bandani nikiwa msichana asiyejua kutofautisha mpira wa kifuniko na bangili, hakunicheka. Alinipa dumu tupu nilishike, akanipa na la pili.

"Lipi zito?"

"Sawasawa tu, Fundi."

"Rudia. Fumba macho."

Nilirudia mpaka mikono ikaanza kusema. Dumu zuri la plastiki lina uzito wake, na ukuta wake ukiubonyeza kwa kidole gumba unakurudisha. Dumu bovu linakuachia. Mizani tulikuwa nayo, lakini alitaka mikono ijue kwanza, mizani ije kuthibitisha.

Alinifundisha kwamba dumu halianguki kiungwana. Likimponyoka mpakiaji, halitui kwa miguu kama paka. Linatua kwa kona, kwa ubavu, kwa kifuniko. Kwa hiyo na sisi tuliliangusha hivyo hivyo, limejaa, kwenye sakafu ya zege, kutoka usawa wa kifua. Tulitumia maji badala ya asidi, ila asidi ni nzito kuliko maji, basi dumu la asidi tulilipandisha juu zaidi ili kuufidia ule uzito. Baada ya kulidondosha hatukukimbilia kushangilia. Tulilikalisha juu ya karatasi kavu, tukanywa chai, tukarudi kuangalia kama karatasi imelowa.

Lingine lilikuwa jaribio la kuvuja. Dumu tupu linafungwa, linajazwa upepo wa pampu, linazamishwa kwenye karo la maji. Wageni wote hulitazama dumu. Fundi alikuwa akiwapiga bega: "Unatazama nini wewe? Tazama maji." Ni kweli. Kinachokuambia habari ni kipovu, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama.

Na lipo jaribio la friza, ambalo Shamsa alilicheka mpaka akashika mbavu. Plastiki ikipata baridi kali inakuwa kavu na kukatika kama biskuti, kwa hiyo kanuni zinataka dumu liangushwe likiwa limegandishwa. Tabora hii yenye jua! Tulikuwa na friza kubwa la kazi hiyo tu. Mlinzi wetu, mzee mmoja wa Kigoma, akaona friza limekaa bure Jumamosi, akaficha humo migebuka aliyoletewa na shemeji yake. Jumatatu Fundi akafungua friza mbele ya mkaguzi kutoka Dar, samaki wakamtazama. Hakupiga kelele. Alimwita mlinzi, akamwambia, "Mzee wangu, humu huwa tunaweka madumu yaliyowahi kukaa na sumu. Hawa samaki wako nawazika mimi mwenyewe." Akachimba shimo nyuma ya banda, akawazika, shati lake jeupe mikono imekunjwa. Mlinzi alisimama pale kama yuko msibani kweli. Jioni Fundi akamnunulia wengine.

Ndiye mtu huyo ninayewaeleza.

Usoke nilipelekwa mara moja kuona madumu ya dawa ya tumbaku yaliyovimba. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amejiongezea mwenyewe dawa kwenye kila dumu hadi shingoni, akidhani anawatendea wateja wema. Akayaweka chini ya bati, mwezi wa Oktoba. Mnaijua Oktoba ya huku, kabla ya mvua, hata kuku hatembei mchana. Kimiminika kikipata joto kinatanuka, na kama hakina nafasi kinaitafuta. Tulipofika, madumu yalikuwa na matumbo kama wajawazito, na mawili yalikuwa yamejifungua sakafuni. Harufu ilitukuta barabarani. Tangu siku hiyo nikimwona mtu anajaza chombo mpaka juu, vidole vinaniwasha. Acheni nafasi ya hewa. Mteja akilalamika kwamba dumu halijajaa, mwambie hewa hiyo ni ulinzi wake.

Sasa jaribio lililokuja kutuumiza ni lile la kubebeshana. Madumu yakipangwa ghalani au kwenye behewa, la chini linabeba yote ya juu. Linabeba wakati wa joto, linabeba wakati behewa linatikisika. Kwa hiyo tulikuwa na chumba cha joto ambamo dumu lililojaa liliwekewa uzito wa rundo zima juu yake, likaachwa humo karibu mwezi mzima. Karibu mwezi! Hapo ndipo wenye haraka hushindwa. Plastiki haivunjiki kwa siku moja. Inachoka polepole, inalegea ubavuni, shingo inapinda, mpaka siku mtu anapoigusa.

Mkurugenzi wetu wa zamani alipoondoka, kampuni ikapata wenyewe wapya ambao hata sura zao hatukuzijua. Fundi Rajabu akapandishwa kuwa meneja wa kituo. Tulifurahi kama tumepandishwa sisi. Mimi nilimpikia pilau, tukala bandani, nikasema kimoyomoyo, sasa kazi yetu imepata mtetezi.

Hayakupita majira mawili ya mvua, likaja lori na madumu mapya ya asidi. Nilipokea la kwanza kutoka mkononi mwa dereva, nikasimama. Lilikuwa jepesi. Umbo lile lile, rangi ile ile ya maziwa, na kwenye kitako limegongwa alama ile ile inayosema kwamba aina hii imejaribiwa na kufaulu. Nikabonyeza ubavu. Ukaniachia. Nikalipeleka kwenye mizani, na mizani ikasema yale yale ya mkono.

Nikalibeba mpaka ofisini kwake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na mgeni?"

"Fundi, haya siyo yale."

"Yale yapi?"

"Tuliyoyajaribu. Bonyeza ubavu."

Hakubonyeza. Aliliangalia pale mezani kama mtu anayemtazama ndugu aliyegombana naye. "Alama si ipo?"

"Alama ni ya dumu lililoangushwa. Hili limepunguzwa ukuta, halijaangushwa hata mara moja."

"Funga mlango, Mwanaidi."

Nikafunga.

"Unadhani sijui? Nilijua yakiwa bado juu ya lori. Wamebadilisha kiwanda ili wapate kwa bei ya chini, wakakiambia kigonge alama ile ile ya zamani. Nimewaambia. Wamenijibu kwamba kama banda la majaribio linachelewesha mizigo, watalifunga banda."

"Basi tuyaweke chumba cha joto, tuone."

"Mwezi mzima? Mpanda wanataka asidi wiki hii."

"Wasubiri."

"Nikikataa wataniondoa, walete mtu asiyejua hata harufu ya asidi. Bora niwe mimi."

Vijana wangu, neno hilo mtalisikia sana kazini. Mtalisikia kwa watu wenye akili, tena wenye roho nzuri. Bora niwe mimi. Nilimuuliza, "Kuna faida gani awe anayejua, kama atafanya sawasawa na asiyejua?" Akavuta karatasi nyingine, akaanza kuisoma.

Nilikataa kubandika lebo kwenye madumu yale. Nikaja kumkuta ghalani anabandika mwenyewe, meneja mzima, kwa mikono ile iliyonifundisha. Alibandika vizuri, mishale ya juu ikatazama juu. Wiki ile ile nikahamishiwa ghala la mbolea, nikahesabu magunia.

Kaliua nilikuwa na mtu wangu, Leonsi. Kaliua ndipo reli inapogawanyika, moja inakwenda Kigoma na nyingine Mpanda, na mizigo ya Mpanda huhamishwa hapo kutoka behewa moja hadi jingine. Leonsi alikuwa kiongozi wa wapakiaji chini ya wakala mmoja wa mizigo. Mnyamwezi wa Usoke, Mkatoliki, mwimbaji mkuu wa besi kwenye kwaya ya parokia yao. Kila nilipopita na mzigo maalumu nilimkuta, na ndiye pekee aliyeniuliza maswali. Mishale hii maana yake nini? Mbona hiki kina picha ya mkono unaoliwa? Hakuwahi kuigeuza mishale yangu chini. Aliniita dada ingawa tulikuwa karibu rika moja.

Nikampigia simu.

"Leonsi, kuna madumu ya asidi yanakuja huko. Ni mabovu. Yakifika yamebebeshana, msiyaguse."

"Dada Mwanaidi, nani kasema ni mabovu?"

"Mimi."

"Na bosi wako?"

Nikaanza kumweleza habari za alama, akanikatiza.

"Sasa unaona," akasema, bila hasira. "Mimi nikikataa mzigo, nje ya geti kuna watu wamekaa tangu alfajiri wanaomba nikatae. Sisi tumebeba tangu enzi za mababu, hatujui kukataa."

"Basi vaeni miwani ya kinga. Glavu."

"Miwani gani, ya kusomea?" Akacheka ile besi yake mpaka simu ikakwaruza. "Nitawaambia vijana wawe makini. Wabeja, asante sana, dada."

Nilikwenda tena kwa Fundi siku ile. Alikuwa kwenye kikao. Nikasubiri kwenye benchi mpaka akatoka na wageni wake, akanipita akiwaeleza habari za msikiti wa zamani na soko la asali.

Yaliyotokea Kaliua nimeelezwa na wenzake Leonsi. Ilikuwa mchana, jua kali, behewa la chuma limechemka. Walipofungua mlango waliona rundo limeinama upande mmoja. Dumu la chini kabisa lilikuwa limejikunja kama mtu aliyekaa vibaya. Leonsi akawaambia vijana warudi nyuma, akaingia mwenyewe ili aondoe ya juu taratibu. Aliposhika la safu ya pili, shingo ilikatika. Lile rundo lilikuwa limelikamua muda wote, basi asidi ilitoka kwa nguvu, moja kwa moja usoni.

Hapakuwa na bomba la maji karibu. Mmoja akakimbilia maziwa, mwingine mafuta ya kupikia. Aliyekuwa na akili ni mama ntilie wa pale stesheni. Alibeba beseni lake la kuoshea vyombo, akammwagia kichwani, akarudi na ndoo, akammwagia, akaita wenzake, wakammwagia mpaka wakamaliza maji ya biashara yao ya siku ile. Nawaambia na ninyi: maji. Maji mengi, papo hapo, tena kwa muda mrefu, jicho likiwa limefunguliwa kwa vidole hata kama mtu analia. Usisugue. Usipake kitu. Halafu hospitali. Yale maji machafu ya sahani ndiyo yaliyomwachia Leonsi mwanga kidogo kwenye jicho la kushoto. La kulia lilikwisha pale pale.

Nilimkuta wodini, kichwa chote bandeji. Mkewe, Paskalina, alikuwa amekaa kitandani, miguuni pake. Nikasema, "Leonsi, ni mimi." Akasema, "Dada, uliniambia." Hakusema kwa lawama. Mimi nilitamani angelaumu mtu.

Uchunguzi ulifanyika kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Walikuwepo watu wa wakala, watu wa kampuni, na mwenyekiti waliyemteua. Leonsi aliletwa, bandeji bado ziko machoni, Paskalina amemshika mkono. Akaitwa Fundi Rajabu kama mtaalamu wa vyombo. Aliingia na shati jeupe na dumu mkononi, limejaa maji.

Aliongea vizuri, Mungu ananiona. Alieleza jaribio la kuangusha, la kuvuja, la kubebeshana, kwa maneno yale yale aliyonifundishia, mpaka nikajikuta natingisha kichwa kukubali. Kisha akapanda juu ya kiti, akainua dumu kichwani, akaligeuza ili litue kwa kona, kona iliyo mbaya kuliko zote. Akakohoa, akasema, "Tazameni wenyewe." Akaliachia.

Ukumbi ulitikisika. Dumu likaruka, likabingirika, likatulia chini ya meza ya mwenyekiti. Hakuna tone.

Katika ule ukimya nikamsikia Leonsi akimwuliza mkewe, "Limepasuka?"

"Halijapasuka," Paskalina akajibu.

Nikasimama. Nikasema, "Mwenyekiti, dumu hilo siyo." Wakaniambia nikae. Sikukaa. Nikasema hilo ni la zamani, la ukuta mnene, lililobaki kwenye banda letu. Yaleteni yale ya Kaliua, muyabonyeze, muyapime. Mwenyekiti akamwuliza mtu wa kampuni madumu hayo yako wapi. Akajibiwa kwamba yalikuwa hatari kwa umma, yameshateketezwa kwa usalama. Akanigeukia. "Mama, una ushahidi gani?"

"Niliyashika."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwenyekiti hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alimtazama Fundi. "Bwana Rajabu, madumu yaliyotumwa ni ya aina hii?"

Fundi alikuwa bado juu ya kile kiti, hajashuka. Alinitazama mimi. Nilikuwa najua kila kunjo la uso wa mtu yule, nikadhani sasa, sasa hivi. Akasema, "Ni aina hii hii. Alama ni moja."

Wakaamua kwamba wapakiaji walishika mzigo vibaya, na kwamba mhusika hakuvaa vifaa vya kinga. Nani alipaswa kumpa hivyo vifaa, hakuna aliyeuliza. Mimi nikastaafishwa kabla ya wakati, wakaniandalia keki. Banda la majaribio lilifungwa baadaye. Siku hizi wanahifadhi humo viti na maturubai ya harusi, na friza sijui liko kwa nani, namwombea asiweke samaki.

Leonsi alirudi kwao Usoke. Alijifunza kufunga tumbaku kwa kupapasa. Kwaya hakuacha, maana anasema besi haihitaji macho. Mimi huenda kumwona kila inapowezekana.

Miaka ilipita. Fundi naye akastaafu, ndevu zikawa nyeupe, akakonda. Tulipishana mara nyingi Kanyenye, yeye kwenye kivuli cha upande huu, mimi cha upande ule. Kisha baada ya Idi moja akabisha hodi kwangu. Nilimkaribisha, maana hodi ni hodi. Chai hakuigusa.

"Mwanaidi, nataka kumwona yule mtu kabla sijafa. Nipeleke."

"Ukamwambie nini?"

"Ukweli."

Sikulala vizuri kwa furaha. Naona aibu kusema hivyo, lakini ilikuwa furaha. Asubuhi tukapanda basi la Usoke, yeye akiwa na shuka jipya la zawadi na mche wa sabuni. Njiani alikuwa akitembeza midomo, nikajua anapanga maneno.

Paskalina alikuwa shambani. Mkwe wao alitutandikia mkeka. Leonsi akatoka akigusa ukuta, akatabasamu kabla sijafungua mdomo, hunijua kwa hatua.

"Mwangaluka, dada Mwanaidi."

"Mwangaluka, Leonsi. Nimekuja na mgeni." Nikaishia hapo. Jina nilimwachia mwenyewe.

"Karibu sana, mgeni. Unatokea wapi?"

"Tabora mjini," Fundi akasema, akakohoa.

"Karibu. Na kazi?"

"Nimestaafu."

"Hongera. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

Nikamtazama Fundi. Mikono yake ilikuwa imelikamata lile shuka. Upepo ulipita kwenye mihogo, mkwe akaleta maji ya kunawa. Akasema, "Kazi za ofisini tu, ndugu yangu."

"Ofisi gani?"

"Ah, ofisi tu. Ya zamani. Ilishafungwa."

Leonsi akaitikia polepole. Tukaletewa ugali na mlenda na kuku, tukala. Wakazungumza bei ya tumbaku, mvua zilivyochelewa, magoti ya wazee. Fundi alicheka mahali pa kucheka. Akatoa zawadi zake, akashukuriwa, tukaaga. Leonsi alimshika mkono akaushikilia muda mrefu kuliko desturi, kisha akauachia.

Kwenye basi Fundi alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Alhamdulillah. Ana afya. Nyumba ina bati. Moyo wangu umetulia, Mwanaidi."

Niliinuka kwenye kiti nikasimama. Konda akaniambia mama kaa, viti vipo. Nilisimama mpaka Tabora.

Mwezi uliofuata nilirudi Usoke peke yangu, nikamwambia Leonsi yule mgeni ni nani. Alikuwa anafunga tumbaku, vidole havikusimama.

"Dada, nilimjua alipokohoa. Siku ile ukumbini nilikuwa na bandeji machoni, nilikuwa na nini zaidi ya masikio? Ile 'tazameni wenyewe' mimi nalala nayo."

"Mbona hukusema?"

"Nilimuuliza kazi gani. Akakwepa. Nikamuuliza ofisi gani." Akakaza fundo kwa meno, akatema uzi. "Nilishamsamehe zamani, dada. Nilitaka tu alitoe kinywani mwake, mimi nikiwepo. Alipokuwa anakula nilikuwa nasubiri. Nilipomshika mkono nilikuwa bado nasubiri."

Nilimpelekea Fundi maneno hayo yote, neno kwa neno, nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akasema atakwenda tena, inshallah, magoti yakipata nafuu, na barabara ikikauka.

Barabara imekauka, imelowa, imekauka tena. Basi la Usoke linaondoka kila asubuhi, na mara nyingi linaondoka na viti vitupu.